Skrini Inapokata Neno: Kulinda Ujumbe wa Afya Katika Skrini za Wima na za Mlalo

Katika kliniki moja ya mama na mtoto, asubuhi yenye foleni ndefu, mama aliyebeba mtoto wa miezi mitatu alifika kwenye dirisha la dawa na swali ambalo muuguzi hakulitarajia. "Samahani sista," alisema, "kule nje imeandikwa nimpe mtoto maji, na hapa imeandikwa nisimpe. Nishike lipi?"

Muuguzi alimjibu kwamba mtoto wa umri huo hapewi maji, kwa kuwa maziwa ya mama yanamtosha kwa chakula na kwa kinywaji. Kisha akatoka kwenda kuitazama skrini ya ukumbi wa kusubiria. Mama hakuwa amekosea kusoma. Skrini iliyosimamishwa wima karibu na mapokezi ilisema waziwazi: "mpe mtoto maji kabla hajatimiza miezi 6." Skrini ya mlalo iliyo juu ya dirisha la dawa ilionyesha bango lilelile, ila likiwa kamili: "Usimpe mtoto maji kabla hajatimiza miezi 6."

Bango lilikuwa moja, faili lilikuwa moja, na hapakuwa na mtu aliyelibadilisha. Kilichotofautiana ni mkao wa skrini na namna kila skrini ilivyopangwa kulionyesha bango hilo. Herufi tatu za mwanzo zilibaki nje ya ukingo wa kushoto, na herufi hizo tatu ndizo zilizobeba katazo lote.

Skrini zimeingia katika hospitali na vituo vingi vya afya. Zinaita namba za foleni, zinaonyesha ratiba za kliniki, na zinatoa elimu ya afya kwa watu wanaosubiri. Mgonjwa huziamini kwa sababu ziko ndani ya jengo la tiba. Kwa hiyo hitilafu ya skrini inayotoa ushauri wa afya haiwezi kuachwa mikononi mwa fundi wa TEHAMA peke yake. Ni suala la usalama wa mgonjwa, na kila mhudumu anapaswa kuelewa angalau misingi yake.

Kwa nini Kiswahili kinahitaji uangalifu wa pekee

Katika baadhi ya lugha, neno la kukataza husimama peke yake, na likipotea msomaji huweza kuona kwamba sentensi ina pengo. Kiswahili hukiunganisha kikanushi na kitenzi, tena mwanzoni kabisa. Palipo na kitenzi chenye kiambishi cha mtendwa, kuondoa "usi" hakuachi pengo lolote. "Usimpe" hugeuka "mpe." "Usivitafune vidonge hivi" hugeuka "vitafune vidonge hivi." Kilichobaki ni amri sahihi kwa sarufi na potofu kwa tiba. Vidonge vilivyotengenezwa kuachia dawa polepole, kwa mfano, vikitafunwa huweza kumwaga kipimo cha saa nyingi kwa mkupuo mmoja.

Hatari ya namna hiyo iko pia upande wa kulia, mahali ambapo mara nyingi hukaa tarakimu. "Mililita 15" ikipoteza tarakimu ya mwisho husomeka "mililita 1." Mgonjwa hana njia ya kujua kwamba kuna kitu kimekatwa, kwa sababu anachokiona kinaonekana kamili.

Hesabu ya umbo la skrini

Skrini nyingi za leo zina uwiano wa 16 kwa 9. Zile za daraja la kawaida huonyesha pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Skrini hiyohiyo ikisimamishwa wima, upana huwa 1080 na kimo huwa 1920. Picha iliyotengenezwa kwa mkao mmoja haiwezi kuenea sawasawa katika mkao mwingine, kwa hiyo kifaa hulazimika kuchagua moja kati ya njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuionyesha picha nzima na kuacha nafasi tupu pembeni au juu na chini. Hakuna kinachokatwa, lakini picha hupungua. Video ya mlalo ikionyeshwa hivyo katika skrini ya wima huchukua chini kidogo ya theluthi moja ya eneo la skrini, na herufi zake hubaki na takriban asilimia 56 ya ukubwa ambao zingekuwa nao katika skrini ya mlalo yenye inchi zilezile. Ujumbe uliosomeka vizuri kutoka benchi la nyuma huenda sasa usisomeke kabisa.

Njia ya pili ni kuijaza skrini yote na kukata kinachozidi. Hii hupendeza macho, na kwa sababu hiyo huchaguliwa mara nyingi, lakini ndiyo ya hatari zaidi kwa maandishi. Video ya mlalo ikijazwa katika skrini ya wima hubakiza chini ya theluthi moja tu ya upana wake, yaani sehemu ya katikati. Somo la kumpakata mtoto wakati wa kunyonyesha linaweza kuonyesha bega la mama na kumwacha mtoto nje ya picha.

Njia ya tatu ni kuivuta picha mpaka ienee. Hakuna kinachokatwa na hakuna nafasi tupu, lakini maumbo huharibika. Mduara huwa yai, na bomba la sindano huonekana jembamba na refu kupita kiasi. Mgonjwa anayejifunza kupima dawa kwa kutazama hupata taswira isiyo ya kweli.

Bango la kliniki ile lilikuwa nakala ya karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 210 na kimo cha milimita 297. Umbo la A4 linakaribiana na la skrini ya wima, na ukaribu huo ndio uliowadanganya watu. Karatasi hiyo ikijazwa katika skrini ya wima hupoteza takriban milimita 21 kila upande, yaani moja ya kumi ya upana upande wa kushoto na moja ya kumi upande wa kulia. Sentensi ya bango ilianzia karibu sana na ukingo, na mstari uliofuata ulikuwa umesogezwa ndani kidogo. Milimita 21 zilitosha kuondoka na "usi" na kuacha sehemu iliyobaki bila dalili ya jeraha.

Hatua ya kwanza: kuondoa ujumbe wenye makosa

Kosa linapogunduliwa, kishawishi ni kuanza kubonyeza rimoti ili kulirekebisha. Jambo la kwanza ni kuuondoa ujumbe huo, hata kama ni kwa kuizima skrini. Skrini iliyozimwa haimdhuru mtu. Pili, wahudumu wa zamu waambiwe, ili wawasahihishe wagonjwa waliokwisha kuusoma. Ndipo utafutaji wa chanzo uanze.

Utafutaji huo hurahisishwa na picha moja ya majaribio ambayo kila kituo kinaweza kuitengeneza kwa dakika chache: mduara katikati, mshale unaoelekea juu, na herufi A, B, C na D katika pembe nne, zikigusa kingo. Picha hiyo itengenezwe kwa vipimo vya mkao wa skrini inayojaribiwa. Pembe zikikosekana, picha inakatwa. Mduara ukiwa yai, picha inavutwa. Mshale ukielekea pembeni au chini, mzunguko wa picha umekosewa.

Baada ya hapo hufuata swali moja muhimu: je, hitilafu inafuata faili au inafuata skrini? Faili lenye tatizo lihamishiwe kwenye skrini nyingine yenye mkao uleule. Tatizo likihama nalo, kosa liko katika faili. Tatizo likibaki kwenye skrini ya awali, kosa liko katika skrini, kebo, au kicheza video, yaani kile kisanduku kidogo au kompyuta inayotuma picha kwenye skrini. Kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja huenda akapona tatizo la leo bila kujua lilitoka wapi, na kesho likamrudia.

Dalili za kawaida na vyanzo vyake

Picha imelala upande. Simu hutambua yenyewe inapogeuzwa. Runinga nyingi hazitambui. Skrini ikisimamishwa ukutani, huendelea kupokea picha ya mlalo mpaka kicheza video kiamriwe kuizungusha kwa nyuzi 90 au 270. Picha ikitokea imepinduka kichwa chini, iliyochaguliwa ni nyuzi isiyo yake, na nyingine ndiyo sahihi. Mzunguko ufanywe mahali pamoja tu. Faili likizungushwa na mtayarishaji, kisha likazungushwa tena na kicheza video, picha hukosea upya.

Picha za mabango ziko sawa, lakini video imelala. Mara nyingi hii ni video iliyorekodiwa kwa simu iliyoshikwa wima. Simu nyingi hurekodi video ikiwa imelala na kuweka alama ndani ya faili inayosema izungushwe wakati wa kuonyeshwa. Kompyuta huisoma alama hiyo, lakini baadhi ya vicheza video huipuuza. Kwa hiyo video husimama vizuri ofisini na kulala ukumbini. Dawa yake ni kuifungua video katika programu ya kuhariri na kuihifadhi upya, ili mzunguko uwe sehemu ya picha yenyewe.

Kingo zinakosekana katika skrini ya mlalo pia. Baadhi ya runinga hukuza picha kidogo na kuficha asilimia chache za kila ukingo, desturi iliyorithiwa kutoka runinga za zamani za kioo kinene. Mpangilio huo hupatikana katika menyu ya ukubwa wa picha, na huzimwa kwa kuchagua picha ionyeshwe kwa vipimo vyake halisi.

Sauti ipo lakini picha ni nyeusi, au video inakwamakwama. Huenda video imebanwa kwa mfumo mpya, kama vile H.265, ambao kifaa cha zamani hakiwezi kuusoma, au ina vipimo vikubwa kuliko uwezo wa kifaa. Mfumo wa H.264 wenye vipimo vya 1920 kwa 1080 kwa mlalo, au 1080 kwa 1920 kwa wima, husomwa na vifaa vingi. Kuzungusha video huku ikionyeshwa ni kazi nzito kwa kifaa dhaifu. Ikiwa inakwama katika skrini ya wima tu, video itayarishwe ikiwa imekwisha kuzungushwa, na kicheza video kisiamriwe kuizungusha tena.

Skrini ya foleni inaonyesha namba ya mgonjwa lakini haionyeshi dirisha la kwenda. Skrini za namna hii hugawanywa katika kanda: namba upande mmoja, dirisha upande mwingine, matangazo chini. Mpangilio wa kanda uliotengenezwa kwa mlalo ukipelekwa kwenye wima, ukanda wa kulia huangukia nje ya skrini. Kukuza au kupunguza picha hakusaidii hapo. Kanda zinapaswa kupangwa upya kwa ajili ya wima.

Picha imebadilika baada ya umeme kukatika. Umeme unaporudi, kicheza video kikiwaka kabla ya runinga, huenda kisipate taarifa za vipimo vya skrini, na kikatuma picha ndogo au kisitume chochote. Runinga nayo huenda ikarudi kwenye menyu yake badala ya kupokea picha. Iwashwe runinga kwanza, kisha kicheza video. Kifaa cha kuhifadhi umeme kwa dakika chache huzuia sehemu kubwa ya usumbufu huu.

Somo linaonyeshwa wakati usio wake. Hapa kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya kompyuta ndogo zinazotumika kuendesha skrini hazina saa ya ndani yenye betri. Umeme ukikatika na intaneti isiwepo, hupoteza tarehe na saa, na ratiba nzima huvurugika. Ya pili ni ya kibinadamu. Ratiba za vifaa hivi huandikwa kwa saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Mhudumu anayetaka somo la lishe lionyeshwe saa 2 asubuhi, akiandika 02:00, somo litaonyeshwa saa 8 usiku mbele ya mabenchi matupu. Alipaswa kuandika 08:00. Ni busara kubandika kando ya kompyuta karatasi yenye saa za Kiswahili na za mashine zikiwa sambamba.

Ifahamike pia kwamba si kila runinga ya nyumbani imetengenezwa kusimama wima. Matundu ya kutolea joto hupangwa kwa mkao wa mlalo, na katika baadhi ya paneli rangi hufifia zinapotazamwa kutoka pembeni baada ya skrini kugeuzwa. Mwongozo wa mtengenezaji usomwe kabla ya kutoboa ukuta.

Kuandika ujumbe usioweza kugeuzwa

Marekebisho ya mashine hayatoshi, kwa sababu mipangilio hubadilika kila kifaa kinapobadilishwa. Ujumbe wenyewe unapaswa kuandikwa kwa namna ambayo hata ukikatwa hautadhuru.

Kwanza, kila bango litengenezwe katika nakala mbili, ya wima na ya mlalo, na majina ya faili yaonyeshe mkao wake. Pili, maandishi yawekwe mbali na kingo. Kuacha moja ya kumi ya upana na ya kimo kila upande ni tahadhari nzuri kwa skrini ambazo faili hilo limetengenezewa. Tatu, palipo na nafasi, ushauri uandikwe kwa njia ya kuelekeza kuliko ya kukataza. "Mpe mtoto maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6" ikipoteza neno la kwanza hubaki na maana yake. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri: mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila maji wala chakula kingine, isipokuwa dawa au ORS kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Katazo likilazimika kubaki, liambatane na picha iliyopigwa mkato, na neno "usi" lisianze mstari ukingoni.

Nne, ukubwa wa herufi upimwe kutoka kwa mgonjwa aliye mbali zaidi. Kanuni ya kazi inayotumika sana ni sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Tano, mhudumu mwenye ujuzi wa tiba, si fundi pekee, aketi kwenye benchi la mbele, la nyuma na la pembeni, ausome ujumbe wote katika kila skrini, kisha atie saini kwamba umesomeka sawasawa. Kuidhinisha bango kwenye kompyuta ya ofisi si kuliidhinisha ukumbini.

Kwa wagonjwa na wanaowasindikiza

Mgonjwa naye ana nafasi yake katika ulinzi huu. Maelezo ya skrini ni ya watu wote, ilhali dawa na ushauri aliopewa chumbani ni vyake. Viwili hivyo vikipingana, au skrini mbili zikipingana, asichague mwenyewe wala asinyamaze kwa kuona haya. Amuulize muuguzi, mfamasia au daktari kabla ya kuondoka. Sentensi ikionekana kuanza katikati, au namba ikigusa ukingo wa skrini, nalo linastahili kutajwa mapokezi.

Katika kliniki ile, skrini ya wima ilizimwa siku hiyohiyo. Fundi alibadilisha mpangilio wake ili picha isikatwe, na bango likaandikwa upya kwa nakala mbili zenye maneno ya kuelekeza. Daftari la zamu liliongezewa safu moja: kila asubuhi, kabla ya namba ya kwanza kuitwa, muuguzi mmoja huzunguka na kusoma kila skrini kutoka mwanzo hadi mwisho. Wauguzi waliomhudumia yule mama walipitia pia orodha ya watoto wa chini ya miezi 6 waliofika wiki hiyo, wakawaeleza mama zao, mmoja baada ya mwingine walipokuja tena, kwamba maji yasubiri.